Kuutafuta Mgongo wa Pili

Treni ya kutoka Frankfurt kwenda kusini hufuata bonde la mto Rhine. Ukishapita Karlsruhe, dirisha la kushoto linajaa vilima vya misonobari vinavyoitwa Msitu Mweusi, na upande wa kulia, ng'ambo ya mto, ni Ufaransa. Freiburg imejikunyata chini ya vilima hivyo. Ni mji wa chuo kikuu, wenye mifereji myembamba ya maji safi inayopita kwenye barabara za mawe, na kanisa kuu la mawe mekundu ambalo mnara wake una urefu wa mita 116. Wageni wengi hushukia hapa kwa ajili ya mnara huo, au kupanda milima. Mimi nilishuka kwa ajili ya salamanda mwenye migongo miwili, ambaye hakuishi hata kutoka kwenye hali ya kiinitete, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita mkoani Iringa, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya ukuaji huinuka mwanafunzi na swali ambalo kitabu cha kiada hulipita mbio. Yai la chura ni duara. Kiluwiluwi si duara: ana kichwa na mkia, ana mgongo na tumbo, ana kushoto na kulia. Duara lilijuaje kichwa kikae wapi? Jibu la haraka ni kusema "jeni", na halitoshi. Seli zote za kiluwiluwi zimebeba jeni zile zile, za mgongoni na za tumboni, za kichwani na za mkiani. Maandishi yaliyo sawa kila mahali hayawezi peke yake kuiambia seli iko wapi. Seli haina macho. Inachoweza ni kupokea protini iliyotolewa na jirani, na kulingana na kiasi inachokipata, ikawa ngozi, au neva, au damu. Ile mihimili mitatu tunayoichora ubaoni kwa rula imetokana na mazungumzo ya majirani, na mazungumzo hayo yalisikika waziwazi Freiburg.

Aliyeyasikia alikuwa msichana wa miaka 22. Hilde Proescholdt alizaliwa Gotha, katika jimbo la Thuringia, tarehe 20 Oktoba 1898. Akiwa mwanafunzi Frankfurt alimsikiliza Hans Spemann akitoa mhadhara, na mwaka 1920 akamfuata Freiburg, ambako Spemann alikuwa profesa wa zoolojia, ili afanye udaktari chini yake. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kurudia jaribio la Abraham Trembley wa karne ya 18, la kumpindua haidra ndani kuwa nje. Haidra ni mnyama mdogo wa maji baridi, urefu wake milimita chache tu, na hakukubali kupinduliwa. Hilde akaomba kazi nyingine. Hiyo nyingine ndiyo iliyobadilisha elimu ya viinitete.

Spemann alikuwa fundi wa mikono kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Sindano zake alizitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha kioo kwenye moto na kukivuta hadi kikawa chembamba kupita kiasi. Vitanzi alivifanya kwa nywele laini za mtoto mchanga. Kwa kitanzi cha namna hiyo alikuwa amekwisha kulifunga yai la salamanda katikati, na mara nyingine akapata wanyama wawili kamili, mara nyingine mmoja kamili na bonge la nyama ya tumbo lisilo na mgongo. Yeye na wanafunzi wake walijua, basi, kwamba kuna sehemu ya kiinitete ambayo ikikosekana hakuna mgongo. Walichokuwa hawajakijua ni kile ambacho sehemu hiyo inawafanyia majirani zake.

Hilde alifanya kazi hiyo majira ya kuchipua ya mwaka 1921 na 1922, kwa sababu salamanda wa Ulaya hutaga msimu huo tu. Alitumia spishi mbili. Mayai ya Triturus cristatus ni meupe. Ya Triturus taeniatus yana rangi ya kahawia. Kiinitete kimoja kina upana usiozidi milimita 2. Kufikia hatua fulani, tundu dogo hujitokeza juu yake na seli huanza kumiminika ndani kupitia hapo. Kutoka kiinitete cheupe alikata kipande cha mdomo wa juu wa tundu hilo, upande ambao baadaye huwa mgongo, akakipandikiza ubavuni mwa kiinitete cha kahawia, mahali palipopaswa kuwa ngozi ya tumbo. Kisha akasubiri. Dawa za kuzuia bakteria hazikuwapo, na viinitete vilivyokatwa vilioza kwa wingi. Makala iliyochapishwa mwaka 1924 ilieleza sita tu.

Katika kile kilichokua vizuri kupita vingine, tumboni palikuwa na mgongo wa pili: mrija wa neva, vipande vya misuli kushoto na kulia, vifuko vya masikio, na chini yake notokodi, ule ufito unaotangulia mifupa ya uti wa mgongo. Hapo ndipo rangi mbili zilipotoa ushahidi wake. Notokodi ilikuwa nyeupe, ya mgeni. Mrija wa neva uliokuwa juu yake ulikuwa karibu wote wa kahawia, wa mwenyeji. Seli zilizokuwa njiani kuwa ngozi ya tumbo zilikuwa zimeelekezwa upya na kipande kidogo kilichohamia jirani yao, zikajenga neva, mahali sahihi, kwa mpangilio sahihi. Spemann alikiita kipande hicho mratibu.

Alitaka pia jina lake litangulie kwenye makala, ingawa kazi ilikuwa tasnifu ya Hilde, na Hilde hakulifurahia jambo hilo. Viktor Hamburger, mwanafunzi mwenzake aliyeishi hadi mwaka 2001, aliandika kumbukumbu za miaka hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameruhusiwa kuchapisha tasnifu yake peke yake. Hilde wakati huo alikuwa ameolewa na Otto Mangold, mwanasayansi wa maabara hiyo hiyo, na Desemba 1923 walipata mtoto wa kiume. Tarehe 4 Septemba 1924, akiwa na miaka 25, alifariki kwa majeraha ya moto baada ya ajali ya jiko. Tuzo ya Nobel ilitolewa mwaka 1935 kwa Spemann pekee. Vitabu vya leo vinasema "mratibu wa Spemann na Mangold". Darasani kwangu naanza na Mangold.

Freiburg ilipigwa mabomu usiku wa 27 Novemba 1944, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa kifusi kuzunguka kanisa lililobaki limesimama. Kwa hiyo sikwenda kutafuta meza aliyokalia Hilde. Nilikwenda mtaa wa Herdern, ambako majengo ya baiolojia yako karibu na bustani ya mimea ya chuo, na mwenyeji wangu akanionyesha jengo la utafiti kwenye barabara ya Habsburger linaloitwa Hilde-Mangold-Haus. Wanaofanya kazi humo wanachunguza jinsi seli zinavyopashana habari. Nilifurahi sana kuliona jina hilo limeandikwa peke yake, bila la profesa.

Mwenyeji wangu huyo ni binti niliyemfundisha Iringa, sasa anasomea udaktari huko. Alinipokea stesheni kwa "Shikamoo Mwalimu, pole na safari," akaninyang'anya begi, na tangu hapo nikawa mwanafunzi wake. Maabara anakofanyia utafiti hawatumii salamanda tena. Wanatumia Xenopus laevis, chura wa maji mwenye kucha kutoka kusini mwa Afrika.

Jinsi chura huyo alivyofika Ulaya ni habari ya kuvutia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, aligundua kwamba jike la chura huyu likidungwa dondoo ya tezi ya ubongoni hutaga mayai. Muda si mrefu hospitali zikaanza kulidunga mkojo wa mwanamke: akiwa mjamzito, chura anataga. Kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mimba katika nchi nyingi, na vyura wakasafirishwa kwa maelfu kuvuka bahari. Kwa wataalamu wa viinitete ilikuwa neema. Hawakulazimika tena kungoja Aprili. Waliweza kupata mayai wiki yoyote ya mwaka.

"Huyu nilimdunga jana jioni," binti alisema, akimshika chura mgongoni kwa mkono wenye glavu. "Homoni ile ile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha dukani. Angalia, ameshaanza."

Mayai yalimiminika kwenye sahani ya kioo, kila moja na upana wa zaidi kidogo ya milimita moja, nusu ya juu kahawia nzito, nusu ya chini rangi ya maziwa. Akayamwagia mbegu za kiume. Baada ya dakika chache yote yaligeuka, upande mweusi juu. Aliyaosha kwa dawa inayoyeyusha ute wa nje, yenye harufu kali ya yai viza, kisha akaniachia hadubini. Kwenye nusu nyeusi ya yai nililolitazama kulikuwa na nukta. Ndipo mbegu ilipoingilia.

Nukta ile ndiyo mwanzo wa mhimili. Kabla ya hapo yai lina juu na chini, basi. Mbegu ikiingia, tabaka la nje la yai huteleza juu ya kilichomo ndani kwa nyuzi 30 hivi, likiongozwa na vijirija vya protini vilivyojipanga sambamba. Chini kabisa mwa yai mama alikuwa ameweka shehena ya protini na RNA, na mzunguko huo huisogeza kwenda ubavu ulio mkabala na nukta. Huko ikifika, huzuia uharibifu. Nieleze. Katika seli za wanyama kuna protini inayoitwa beta-katenini, ambayo hutengenezwa muda wote na kuharibiwa muda wote, kwa hiyo kwa kawaida haijikusanyi. Ishara ya familia ya Wnt inapofika, mtambo wa kuiharibu husimama. Beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini, na kuwasha jeni zilizokuwa zimezimwa. Upande wa yai uliopokea shehena ya mama huanza kurundika beta-katenini, na upande huo ndio utakaozaa mratibu wa Mangold. Mgawanyiko wa kwanza wa seli hutokea baada ya dakika 90 hivi. Kufikia hapo mgongo umekwisha kuchaguliwa: mbegu ya baba imeonyesha tumbo litakuwa wapi, shehena ya mama imejenga upande wa pili.

Ushahidi wake ni mkali. Mulika sehemu ya chini ya yai kwa miali ya urujuanimno kabla halijazunguka, na tabaka halitateleza. Utapata bonge la tumbo lisilo na mgongo wala kichwa, sawa na lile alilolipata Spemann kwa kitanzi chake. Na kinyume chake pia hufanyika. Mwaka 1989 Andrew McMahon na Randall Moon walidunga RNA ya Wnt kwenye viinitete vya chura na kupata mihimili miwili. Nilimtazama binti akifanya hivyo hivyo, sindano ya kioo ikiingia kwenye seli moja kati ya nne, ile yenye rangi nzito zaidi, ya upande wa tumbo. Mkono wake haukutikisika. Siku mbili baadaye alinionyesha sahani: viluwiluwi wenye vichwa viwili vilivyotengana, macho manne, vikikutana kwenye mkia mmoja. Hapakuwa na kipande cha mgeni humo, kilichofanya yote ni molekuli.

Kutoka kwenye kipande cha Mangold hadi kwenye molekuli kulipita karibu miaka 70, na sababu ya kuchelewa inafaa kusimuliwa. Mwaka 1932 kundi la Wajerumani, wakiwamo Spemann, Otto Mangold na Johannes Holtfreter, lilionyesha kwamba mratibu aliyeuawa kwa joto au kwa pombe bado anaweza kusababisha neva. Watu wakashangilia: ni kemikali, basi itafutwe. Wakatafuta. Wakapata kwamba karibu kila kitu kinafanya kazi, dondoo za wanyama wazima, hata rangi ya bluu ya methilini. Jambo linalosababishwa na kila kitu haliwezi kuchunguzwa, na wengi wakaiacha mada.

Jibu lilikuja miaka ya 1990, Marekani. Mwaka 1992 maabara ya Richard Harland, California, ilitangaza protini ya nogini. Mwaka 1994 Yoshiki Sasai na Edward De Robertis, Los Angeles, wakatangaza kodini. Zote mbili hutolewa na mratibu. Nilimuuliza binti kama protini hizo ndizo zinazoiambia seli iwe neva.

"Hapana, Mwalimu. Hazigusi kabisa seli inayokuwa neva. Zinaikamata BMP njiani."

BMP ni ishara ya upande wa tumbo. Huenea karibu kiinitete chote, hushika vipokezi kwenye uso wa seli, na ujumbe wake unapofika kwenye kiini seli huelekea kuwa ngozi au damu. Mratibu humwaga kodini na nogini, nazo huishika BMP nje ya seli isifike kwenye kipokezi. Seli isiyopata BMP huwa neva. Karibu na mratibu BMP ni kidogo, mbali naye ni nyingi, na kati ya mgongo na tumbo kila seli inapata kiasi chake. Ndiyo maana rangi ya bluu na dondoo za kila aina ziliwachanganya watafiti: seli za salamanda zilikuwa ukingoni mwa kuwa neva tangu mwanzo, na msukosuko wowote ulitosha kuzivusha. Nimefundisha miaka yote hii kana kwamba mwili hujengwa kwa amri. Nusu ya kazi, upande wa mgongo, ni kuzuia.

Binti aliniambia pia jambo ambalo sikulijua kuhusu chura wa kwetu Afrika Mashariki. Watafiti waliotaka kurudia upandikizaji wa Mangold kwa Xenopus walihitaji namna ya kumtofautisha mgeni na mwenyeji, kama zile rangi mbili. Walimpata Xenopus borealis, chura wa Kenya, ambaye viini vyake vikitiwa rangi ya kwinakrini hung'aa kwa madoa chini ya hadubini, na vya laevis havifanyi hivyo. Tangu mwaka 1983 chura huyo amekuwa akitumika kama alama.

Jioni ile tulikaa kwenye uwanja wa kanisa kuu, wachuuzi wa soko wakikunja meza zao, na sote wawili tulikuwa na jambo moja moyoni. Akalisema yeye. "Mwalimu, mimi nikiwaona wale viluwiluwi nawakumbuka Maria na Consolata."

Hakuna Mtanzania wa rika letu asiyewakumbuka. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa Makete mwaka 1996 wameungana, wakasoma, wakafika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Ruaha pale Iringa wakitaka kuwa walimu, na Juni 2018 wakafariki siku moja. Walikuwa watu wawili, kila mmoja na mawazo yake, na waliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hawataki kutenganishwa. Watu wengi walitaka maelezo, na maelezo waliyopata mitaani yalikuwa ya laana na ya uchawi, na mama zetu wengi wenye watoto wa namna hiyo wamebebeshwa lawama hizo. Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja ya jinsi mapacha walioungana wanavyotokea kwa binadamu. Yote yanarudi kwenye wiki mbili au tatu za kwanza, ambapo kwenye kisahani kimoja cha seli mihimili miwili inaanza badala ya mmoja, au visahani viwili vilivyokaribiana mno vinashikana. Mama hajui hata kama ana mimba wakati huo. Hakuna alichofanya. Nimeamua jambo hili liingie darasani kwa maneno hayo hayo, kabla ya Wnt na kabla ya BMP.

Kutoka Freiburg nilikwenda Heidelberg, ila sikukaa sana. Mji ni mzuri, ngome nyekundu juu ya mto Neckar, watalii wengi. Nilipanda basi hadi kilimani, msituni, kwenye Maabara ya Ulaya ya Baiolojia ya Molekuli, kwa sababu hapo kuanzia mwaka 1978 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikaa kwenye hadubini moja yenye sehemu mbili za kutazamia na kuwapekua nzi wa matunda. Walizalisha karibu koo 27,000 za nzi wenye mabadiliko ya jeni, wakatafuta mabuu waliopotoka: yule asiye na sehemu za katikati, yule aliyepoteza kila pingili ya pili, yule ambaye tumbo lake lote limejaa miiba. Mwaka 1980 walichapisha jeni 15 zinazopanga pingili. Baadhi ya majina ya njia za ishara ambayo leo yanatajwa na madaktari wa saratani yalitoka kwa mabuu hao.

Katika nzi mama hutia RNA ya bikoidi kwenye ncha moja ya yai, na mwaka 1988 Nüsslein-Volhard na Wolfgang Driever walionyesha jinsi protini yake inavyoenea kutoka hapo ikipungua kadiri inavyokwenda, sawa na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, inayomwambia mtu aliye ukumbini yuko mbali kiasi gani na jiko. Palipo na bikoidi nyingi huota kichwa. Mama asiye na jeni hiyo huzaa mabuu wasio na kichwa wala kifua. Klaus Sander, aliyekuwa Freiburg, alikuwa amekisia jambo la namna hiyo miongo kadhaa kabla, kwa kuyafunga mayai ya mdudu mdogo wa majani. Nüsslein-Volhard alikuwa amepita maabara yake. Alizaliwa tarehe 20 Oktoba, siku moja na Hilde Mangold, miaka 44 baadaye, na tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1995 aliipokea mwenyewe.

Kutoka Heidelberg kwenda Tübingen treni hubadilishwa Stuttgart. Pembeni mwa jiji hilo, kwenye Chuo Kikuu cha Hohenheim, watafiti walionyesha mwaka 2007 jinsi Xenopus anavyotofautisha kushoto na kulia: vinyweleo vya seli fulani huzunguka upande mmoja na kusukuma majimaji kwenda kushoto, na upande huo ndio jeni ya Nodal inapowaka. Vinyweleo visipofanya kazi, moyo hukaa upande wowote. Mtu mmoja katika kila 10,000 hivi ana viungo vya ndani vilivyogeuzwa, na wengi wao huishi bila kujua hadi siku ya kupigwa picha ya kifua.

Tübingen iko juu zaidi kwenye mto ule ule wa Neckar. Nilipita kwenye ngome ya Hohentübingen kuona jiko la zamani ambamo Friedrich Miescher, mwaka 1869, alitoa kutoka usaha wa bandeji za hospitali dutu ambayo leo tunaiita DNA, kisha nikapanda kilima cha taasisi za Max Planck. Kwa miaka mingi barabara yake ilikuwa na jina la Spemann. Nüsslein-Volhard alihamia hapa miaka ya 1980, na baadaye akaachana na nzi kwa sehemu kubwa, akajenga nyumba ya samaki milia, matangi kwa maelfu. Katika samaki hao lilipatikana kundi lililokosa BMP, likageuka mgongo mtupu, na kundi lililokosa kodini, likawa na tumbo kubwa na kichwa kidogo. Samaki walikuwa wanathibitisha chura.

Na nzi pia, lakini kichwa chini miguu juu. Nzi ana protini ya jamii ya kodini na ya jamii ya BMP, zinazozuiana vile vile, ila kodini yake iko tumboni na BMP yake iko mgongoni. Neva kuu za nzi hupita tumboni, moyo wake uko mgongoni. Mwaka 1822 Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, Mfaransa, alisema kambakoche ukimlaza chali ana mpangilio wa mnyama mwenye uti wa mgongo, na wengi wakamkatalia. Molekuli zimempa haki baada ya zaidi ya miaka 170. Hata Ethel Browne, aliyepandikiza ncha ya mdomo ya haidra mwaka 1909 na kupata haidra wa pili, miaka 15 kabla ya makala ya Freiburg, alikuwa anafanya kazi na ishara ile ile inayoanzisha mhimili wa chura: mwaka 2000 ilionekana kwamba ncha ile hutoa Wnt. Bahati mbaya jina lake haliko kwenye kitabu changu cha kiada. Nitaliandika kwa mkono.

Nikiwa Tübingen niliwatumia wanafunzi wangu picha za viluwiluwi wa vichwa viwili kwenye kundi letu la simu. Kijana mmoja akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwalimu, chura mbegu inamwonyesha. Sisi nani anatuonyesha?"

Nilimwandikia kwamba mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, seli shina za binadamu zilizopewa Wnt na ishara nyingine iitwayo aktivini ziliwekwa kwenye kiinitete cha kuku, zikaanzisha mhimili wa pili, na seli za kuku zikajenga neva kuufuata. Mratibu wetu yupo, na anafanya alichofanya yule wa salamanda. Kwa mbegu kuingia upande huu au ule, hapana, kiinitete cha binadamu hakiamuliwi hivyo. Katika panya, ambaye ameshachunguzwa kwa undani, ishara ya kwanza ya kuanzisha mhimili ni BMP. Inawasha Wnt kwa seli za jirani, Wnt inawasha Nodal, na mstari wa mgongo unaanza kuchorwa. Seli shina za binadamu zikipewa BMP kwenye sahani hufuata mlolongo huo huo. Na ile BMP ya kwanza ya panya, nilimwambia, haitoki kwa seli zitakazokuwa mtoto. Inatoka kwa zile zitakazojenga kondo, ambalo kijijini kwao hufukiwa siku ile ile mtoto anapozaliwa.